Mpira wa kumwagilia unaotanuka unapimwa ukiwa umefungwa mdomo

Ndugu wakulima wa bustani, nimeletewa tena mpira uliopasuka, na maelezo ni yale yale, "mbona nilipoununua niliujaribu na maji yalitoka vizuri tu". Hapo ndipo mnapoliwa hela. Kutoa maji sio kipimo. Mpira ukiwa wazi kule mwisho presha inaishia njiani na maji, ule mpira laini ulio ndani ya kitambaa cha nje haubanwi sawasawa, unakudanganya kwamba ni mzima. Siku ukifunga bastola ya maji, kile kichwa cha kunyunyizia cha kubonyeza kilichoko mwisho, ukasahau koki wazi, presha yote ya bomba inakaa ndani, tena usiku ndio hupanda zaidi maana watu wengi wanakuwa wamefunga maji, asubuhi unakuta umechanika.

Kwa hiyo fanya hivi siku ile ile uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni. Utandaze kivulini ukiwa mkavu, upime kwa futi kamba toka kiungio hadi kiungio, uandike. Halafu chukua kalamu ya wino chora mstari kwenye kitambaa, pale pale kinapoingia kwenye kiungio, pande zote mbili. Huo mstari usiuruke nakuomba, ndio unaosema ukweli kuliko kitu kingine chochote.

Fungua koki taratibu, robo kwanza, bastola ikiwa wazi mpaka hewa iishe na maji yaache kukohoa, ndio ufunge bastola na umalizie kufungua koki. Pima urefu tena. Kama umeambiwa unatanuka mara tatu na ulikuwa mita 5, basi ukaribie mita 15, ukiishia 9 au 10 uliza maswali. Ila angalia na maji yako yanatoka wapi! Tangi lililoinuliwa mita 10 linakupa kama baa 1 tu (baa ni kipimo cha presha), la mita 3 halifiki hata theluthi ya baa, na mipira hii mingi inataka baa 2 au 3 ndio itanuke vizuri, sasa wewe unaujaribia kwenye tangi la mita 3 haujivuti unasema feki, au haupasuki unasema imara, yote mawili hujapima kitu. Katafute bomba lenye presha.

Sasa uache hivyo hivyo umefungwa SAA NZIMA. Sio dakika 5, sio "nimeuangalia kidogo nikaona uko poa". Saa nzima, na kila dakika 10 upite uangalie. Zungushia tishu kavu kwenye viungio, ikilowa jaribu kwanza kubadilisha washa, ile pete ya mpira iliyo ndani ya kiungio, maana mara nyingi ni hiyo tu, ikilowa tena kiungio ni kibovu. Kitambaa kikilowa katikati, mbali na viungio, mpira wa ndani una tundu. Pitisha kiganja toka mwanzo mpaka mwisho, ukigusa uvimbe kama fundo ujue ukuta wa ndani hapo ni mwembamba na ndipo utakapochanikia. Na ule mstari wa wino, ukiona umesogea hata milimita 3 kutoka kwenye kiungio, rudisha dukani, usinibishie, mpira unachomoka pole pole na siku moja utaruka wote.

Saa ikiisha funga koki KWANZA, ndio ubonye bastola mpaka maji yaishe, wengi mnageuza. Ukirudi karibu na urefu wako wa mwanzo uko sawa.

Halafu rudia kujaza na kumwaga mara 10, kila mara tupia jicho ule mstari, kwa sababu kuna mipira inavumilia mara ya kwanza na ya pili, ya saba kiungio kinaachia. Na hiyo saa nzima isiwe juani jamani, maji yaliyofungwa juani yanapata moto na mpira wa ndani unalainika, utaua mpira mzima kwa mkono wako halafu ulaumu dukani.