Swichi za walinzi wa kerneli, zipange hivi sava isigande wewe ukiwa mbali

Wakuu, mimi niko Iringa mjini ila kuna sava ya Linux naihudumia Mafinga kwenye ofisi ya watu wa mbao, kama kilomita 80 hivi. Kuna Jumamosi jioni iliganda ikakaa hivyohivyo mpaka Jumatatu mlinzi wa geti alipoizima na kuiwasha kwa kitufe, mzigo umeshatoka haujaingizwa kwenye mfumo. Kilichoniuma ni kwamba kerneli (kiini cha Linux kinachoendesha mashine) ilishaona tatizo ikaandika kwenye logi, yaani daftari la matukio, kabisa, ila hakuna aliyeiambia ikishaona ifanye nini.

Sasa kama unaandaa faili la mipangilio au menyu ya kuwaachia wenzako, usiweke swichi moja ya kuwasha na kuzima ukaishia hapo. Tenganisha maswali matatu, nani analinda, anavumilia muda gani, na akikuta shida achukue hatua gani.

Walinzi wako wawili. kernel.soft_watchdog anakamata CPU iliyonasa ndani ya kerneli isiachie kazi nyingine, kernel.nmi_watchdog anakamata ile iliyonasa mpaka haipokei hata interapti (ishara ya kuikatiza kazi). Ipo pia kernel.watchdog inayowashika wote wawili kwa pamoja, na hii inadanganya macho maana ukiisoma inakujibu 1 hata kama aliye kazini ni mmoja tu, kwa hiyo kwenye menyu onyesha kila mlinzi peke yake.

Muda ni kernel.watchdog_thresh, inapokea 0 mpaka 60 na kwa kawaida inakuja na 10. Namba ni moja ila kazi mbili: wa nmi anapiga kelele baada ya sekunde 10, wa soft anasubiri mara mbili yake, yaani 20. Halafu mtu akiandika 0 akidhani ndio haraka zaidi, kumbe kawazima wote! Mimi kwenye sehemu ya muda nakataa kabisa 0, anayetaka kuzima atumie swichi ya kuzima.

Hatua ndio penye maumivu. Ukiweka kernel.softlockup_panic=1 na kernel.hardlockup_panic=1, kerneli ikinasa inajiangusha yenyewe (ndio panic), sawa, lakini kama kernel.panic ni 0 (na mara nyingi ndivyo inavyokuja) itaanguka na kubaki hapohapo mpaka mtu aje, na kwa sava ya Mafinga hapo umefanya kazi bure. Weka 10, itajiriboti baada ya sekunde 10. Menyu yako isikubali mtu awashe panic huku kernel.panic ikiwa 0 bila kumuuliza kwanza.

Ila kwenye mashine pepe (ile inayoendeshwa kama mgeni ndani ya mashine nyingine, mashine mama) acha softlockup_panic kwenye 0, maana mashine mama ikielemewa, CPU ya mgeni inasimamishwa na yeye anadhani imenasa, utapata riboti za bure. Na nmi_watchdog huko mara nyingi haipatikani.

Andika vyote kwenye /etc/sysctl.d/90-walinzi.conf, piga sysctl --system (amri ya kupakia mipangilio), kisha soma kila thamani upya.

Kujaribu, nenda ofisi ikiwa imefungwa, kaa pembeni ya mashine, piga sync (data iandikwe kwenye diski) halafu kama root, yaani msimamizi mkuu, andika echo c > /proc/sysrq-trigger. Itaanguka papo hapo. Usiguse kitufe, hesabu sekunde uone kama inabuti yenyewe.