Jinsi Shabiki Anavyoweza Kupima Mabadilishano ya Wachezaji: Padres na Juan Soto

Mnamo Desemba 2023, klabu ya besiboli ya Marekani, San Diego Padres, iliwapeleka wapigaji Juan Soto, nyota wake, na Trent Grisham kwa New York Yankees, nayo ikapokea wachezaji watano: warushaji (wanaomrushia mpigaji mpira) Michael King, Drew Thorpe, Jhony Brito na Randy Vásquez, pamoja na mdakaji (anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji) Kyle Higashioka. Mimi ni shabiki wa Padres, na siku ile nilitoa hukumu kwa kutazama majina tu: moja kubwa limetoka, matano madogo yameingia. Utaratibu ninaoueleza hapa umetokana na kosa hilo.

Chukua karatasi, uigawe safu mbili za walioondoka na walioingia, kisha kabla ya kuandika takwimu yoyote, andika mbele ya kila jina mwaka ambao klabu itapoteza haki juu yake. Msomaji aliyezoea usajili wa soka atatafuta ada ya uhamisho. Katika besiboli ya Marekani mchezaji kwa kawaida hubadilishwa kwa mchezaji, na mkataba wake huhama pamoja naye. Asiye na mkataba mrefu hubaki chini ya klabu hadi atimize miaka 6 ya utumishi katika Ligi Kuu ya besiboli (MLB), ndipo awe huru kwenda atakako. Soto aliingia Ligi Kuu mwaka 2018, kwa hiyo alibakiwa na msimu mmoja tu, ule wa 2024. King alikuwa na miwili. Brito na Vásquez walikuwa wameanza mwaka huohuo wa 2023, na Thorpe hakuwa amecheza hata mechi moja ya Ligi Kuu, kwa hiyo saa yake ilikuwa haijaanza kuhesabu. Karatasi ikishajazwa hivyo, utaona kwamba kilichouzwa ni msimu mmoja wa Soto, ilhali mimi niliomboleza kana kwamba tumeuza miaka kumi.

Jiulize pia klabu ingekuwa wapi kama isingefanya lolote. Swali hili mashabiki hulikwepa, kwa sababu hupenda kulinganisha mabadilishano na ndoto ya kumbakiza nyota milele. Padres wa 2023, pamoja na Soto kupiga mipira 35 ya kuvuka uzio (home run, pigo bora kuliko yote) na kucheza mechi zote 162, walishinda 82, wakapoteza 80, na hawakufika hatua ya mtoano. Mwisho wa msimu mikataba ya warushaji wao kadhaa ilikuwa imekwisha, akiwemo Blake Snell, aliyekuwa ametwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka huo. Mmiliki, Peter Seidler, ambaye ndiye aliyekuwa radhi kumwaga fedha, alifariki Novemba, na mapato ya televisheni yalikuwa yameyumba baada ya kampuni iliyotangaza mechi zao kuacha kulipa. Soto peke yake alikuja kulipwa na Yankees dola milioni 31 kwa msimu wa 2024. Timu isiyo na warushaji wala fedha za kuwanunua ilikuwa na bidhaa moja tu sokoni ambayo kila mtu aliitaka.

Baada ya hapo pima hitaji, na hapa uwe mkali. Warushaji wanne ni wengi, lakini wangapi kati yao walikuwa tayari? King alikuwa ametumika zaidi kama mrushaji wa kuingia katikati ya mechi, na alianza mechi chache tu mwishoni mwa 2023. Kumfanya mrushaji wa kuanza msimu mzima kulikuwa kubahatisha. Bahati ilikubali: mwaka 2024 aliwatoa wapigaji 201 kwa strike tatu, yaani bila wao kuupiga mpira vizuri, na wastani wa mikimbio (alama) iliyohesabiwa dhidi yake kwa kila awamu 9, yaani mechi nzima, ukawa 2.95; kadiri unavyokuwa mdogo ndivyo bora. Higashioka, ambaye nilimwona kama nyongeza ya kufunikia mzigo, alivusha uzio mara 17.

Usifunge karatasi yako mchezaji anapohama tena, mfuate. Machi 2024 Thorpe alipelekwa Chicago White Sox pamoja na wengine watatu, na Padres wakampata Dylan Cease, ambaye Julai 25 mwaka huo aliwanyima Washington Nationals pigo halali hata moja katika mechi nzima. Sehemu ya Cease, ingawa si yote, imetokana na Soto, nami huiandika kwa kalamu ya rangi nyingine ili nisiihesabu mara mbili.

Upande wa pili nao upewe haki yake. Yankees walipata kutoka kwa Soto mipira 41 ya kuvuka uzio na safari ya Fainali ya Dunia (World Series, fainali ya Ligi Kuu hiyo) ya 2024, waliyoipoteza kwa Los Angeles Dodgers. Kisha Desemba akasaini na New York Mets mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765. Padres walishinda mechi 93 msimu huo, wakatolewa na Dodgers haohao katika mechi ya tano ya mfululizo wao. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilipata zilichotafuta, na anayeng'ang'ania kumtaja mshindi mmoja hajaitazama safu ya miaka.

Grisham nilimpa mstari mmoja tu, kwa kuwa kiwango chake cha kupiga mwaka 2023 kilikuwa chini ya .200, yaani hakufikisha mapigo halali mawili kwa kila majaribio kumi, na mwaka 2025 akawapigia Yankees mipira 34 ya kuvuka uzio. Mstari huo nimeurefusha. Wa Vásquez bado uko wazi, na mimi huufungua kila Oktoba, msimu wa kawaida ukiwa umekwisha.