SOMO: Kupata spoti (sehemu nzuri) za picha za usiku mtaani, Dar

Wadau, kila wiki swali ni lile lile: "Mkuu, spoti kali ya usiku Dar ni wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

1. Pita mchana kwanza. Angalia utasimama wapi bila kuziba njia.

2. Tafuta taa moja iliyo chini. Taa za barabarani ziko juu mno, zinaacha kivuli cheusi kwenye macho ya unayempiga. Banda la chipsi lenye balbu moja usawa wa kichwa linatosha: mafuta yakichemka, moshi unapita mbele ya balbu na uso wa muuzaji unatokea humo. Kariakoo maduka yakianza kufungwa, vibaraza vya zamani vya Kisutu, mishikaki ya Coco Beach, kote huko zipo. Ukitaka mistari ya taa za magari, panda daraja la waenda kwa miguu la Manzese.

3. Fika saa 12 kamili jioni. Jua la Dar huzama kati ya saa 12:10 na 12:50 mwaka mzima, na ile buluu ya anga haikai zaidi ya dakika 20 hivi.

4. Kamera: f/1.8 (tundu la lenzi liwe wazi sana), ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 hadi 3200, kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/125 ya sekunde. Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalibana.

5. Lenzi kupata ukungu. Hapa someni polepole. Nilitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi kule Posta, nikachukua bajaji hadi Kariakoo. Mvua imekatika sasa hivi, lami inang'aa, mzee anasukuma mkokoteni wa ndizi kuelekea kwenye taa ya duka. Natoa kamera, lenzi nyeupe tupu. Nikafuta kwa shati, ukungu ukarudi. Nikafuta tena. Mzee akapita, na kesho yake nikakuta mikwaruzo kwenye kioo. Mpaka leo picha ile inaniuma. Hewa yetu imejaa unyevu, nao unatua juu ya kioo baridi kama maji nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kwa hiyo: funga kamera ndani ya begi KABLA ya kutoka kwenye kiyoyozi, na uiache humo nusu saa ipate joto taratibu. USIFUTE kwa shati. USIBADILISHE lenzi wakati huo, unyevu utafika kwenye sensa, kile kinasa mwanga ndani ya kamera.

6. Ikulu, kambi za jeshi, bandarini: usiinue kamera. Na usiende peke yako.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu, kwa hiyo spoti kali ni ipi?
— Hatua ya 2.

Mdau wa Sinza: Umesahau flashi. Usiku bila flashi unapigaje?
— Sijasahau. Flashi inafuta moshi, balbu na giza lenyewe, vitu vilivyokutoa nyumbani. Soma namba 4 halafu ujaribu.

Dada wa Tabata: Kaka, shikamoo. Nampiga muuza kahawa wa mtaani kwetu lakini mvuke hauonekani kabisa. Nakosea wapi?
— Marahaba dada, swali zuri sana. Bila shaka taa iko mgongoni kwako. Zunguka mpaka taa iwe nyuma ya birika, na nyuma yake kuwe na giza, mlango uliofungwa au ukuta mweusi. Anapoinua birika kumimina, mvuke utawaka mweupe, na mkaa chini utabaki mwekundu. Ila kaa kwanza, kunywa vikombe viwili na kashata, mwombe ruhusa. Siku ya pili mpelekee picha iliyosafishwa. Wangu sasa ananiita mwenyewe akiona mwanga umekaa vizuri.

Mdau wa Mbagala: Na kwa simu inawezekana?
— Inawezekana. Gusa skrini kwenye balbu, kisha shusha mwanga mpaka balbu ionekane umbo lake.

Mdau wa Ilala: Naongezea: mvua ikikatika, geuza simu kichwa chini ili kamera ikaribie dimbwi. Taa zote za mtaa zinaingia majini.
— Hii nimeichukua. Na vile vifuko vya kukausha unyevu kwenye maboksi ya viatu msitupe, tieni kwenye begi la kamera.

Dada wa Tabata: Muuza viatu wa hapa kwetu anavyo vingi, kesho namwomba.