Jinsi ya kupunguza antibiotiki za mafua na kikohozi kwenye zahanati yako

Mwezi wa saba Arusha, Mlima Meru ukishajifunika ukungu, foleni ya wagonjwa wa nje inakuwa ya masweta, mitandio na makamasi. Mimi ni tabibu kwenye zahanati upande wa Ngaramtoni, na kwa miaka mingi foleni hiyo niliimaliza kwa neno moja: amoksilini. Si kwamba sikujua kuwa mafua na vikohozi vingi vinaletwa na virusi. Hilo nililijua tangu chuoni. Lakini kuandika amoksilini ni sekunde tano, kueleza kwa nini huiandiki ni dakika tano, na nje bado wamekaa arobaini. Dawa ikawa namna yangu ya kumwambia mgonjwa kwaheri.

Hivi ndivyo nilivyoacha. Andaa saa yenye mshale wa sekunde (simu nayo inatosha), mizani inayofanya kazi, na kitabu chako cha MTUHA namba 5, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje.

Hatua ya 1: Jihesabu mwenyewe kwanza

Fungua kitabu namba 5, chukua wagonjwa 50 wa mwisho wenye kikohozi, mafua au koo. Wangapi walipata antibiotiki? Kati ya hao, wangapi wana idadi ya pumzi iliyoandikwa mahali popote? Fanya peke yako, mlango ukiwa umefungwa. Mimi swali la pili ndilo lililoniumbua: dawa ziko, pumzi hazipo.

Na usiogope kwamba ukipunguza watoto watazidiwa. Utafiti uliofanyika kwenye vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kuwa watabibu waliofuata mwongozo wa kwenye tableti (kompyuta ndogo ya mkononi) pamoja na vipimo vichache vya papo hapo waliandika antibiotiki kwa watoto 23 hivi katika kila 100. Vituo vilivyoendelea kama kawaida viliandika kwa 70. Walioshindwa kupona hawakuongezeka.

Hatua ya 2: Tafuta dalili za hatari

Hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hana fahamu, anakoroma kwa kuvuta pumzi akiwa ametulia, oksijeni iko chini ya asilimia 90. Hapo hakuna mjadala wa kupunguza dawa: dozi ya kwanza na rufaa. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye pumzi 60 au zaidi naye ni wa rufaa.

Hatua ya 3: Hesabu pumzi dakika nzima

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo tunapodanganya. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu ukikosea pumzi moja umekosea nne, na pumzi nne ndizo zinazomhamisha mtoto kutoka mafua kwenda nimonia.

Mtoto awe amepakatwa, ametulia, halii, hanyonyi. Mwombe mama afungue nguo. Baridi ya kwetu inafanya mtoto avalishwe masweta matatu na kanga juu. Bila kuona tumbo na kifua unahesabu sufi. Miezi 2 mpaka 11, haraka ni 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza 5, ni 40 au zaidi. Huku ukihesabu, angalia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi.

Kuna mtoto wa miezi tisa nilimhesabu akiwa analia, nikapata 54. Kalamu ilishagusa karatasi. Nikamwambia mama amnyonyeshe kwanza, nikaita mgonjwa mwingine, kisha nikarudi: 42, kifua hakibonyei. Aliondoka na dawa ya homa tu.

Akiwa na mluzi kifuani, mpe salbutamoli ya kuvuta kupitia chupa ya kupitishia dawa (spacer), subiri dakika 15, hesabu tena. Unaweza kurudia mpaka mara tatu. Pumu nyingi zimetibiwa kama nimonia kwa sababu hakuna aliyesubiri hizo dakika 15.

Kwa mtu mzima ambaye si mzee na hana ugonjwa mwingine mkubwa: mapigo hayazidi 100 kwa dakika, pumzi hazizidi 24, joto halizidi 38, na kifua hakina sauti ngeni upande wowote? Nimonia ni nadra hapo. Makohozi ya njano au kijani si ushahidi wa bakteria. (Na tafadhali, kikohozi si sababu ya kupima Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi. Tutamaliza lini taifodi za Arusha?)

Hatua ya 4: Kwenye koo, usibane dawa pasipostahili

Koo lenye mafua, kikohozi na sauti iliyokauka ni la virusi. Ila mtoto wa shule mwenye homa, tonsesi zenye usaha, tezi za mbele ya shingo zinazouma ukizigusa, na hana kikohozi, huyo mpe: benzathini penisilini sindano moja, au amoksilini siku 10. Bado tunaona vijana wenye valvu za moyo zilizoharibika kwa homa ya baridi yabisi iliyoanzia kwenye koo. Simlaumu anayeandika hapa.

Hatua ya 5: Kikohozi cha wiki mbili kipelekwe kwenye makohozi

Usiongeze dozi ya pili ya antibiotiki. Tuma makohozi kwa GeneXpert, mashine ya kupima TB. Kwetu ni muhimu zaidi kwa sababu tunapokea wachimbaji kutoka Mirerani wenye vumbi la mawe kifuani. Siprofloksasini na levofloksasini zikae mbali kabisa, maana zinaweza kuituliza TB kwa muda na kuificha.

Hatua ya 6: Badilisha maneno

Neno la kwanza kuacha ni “virusi”. Nilimwambia mama mmoja, “Usijali, mtoto ana virusi tu.” Akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama na yeye apime. Kwa masikio ya wengi wetu virusi ni Ukimwi, na baada ya 2020 ni korona. Siku hizi nasema “mafua ya kawaida”.

Uliza kwanza: “Mama, hasa kinachokutia hofu ni nini?” Mara nyingi jibu ni nimonia iliyomuua mtoto wa jirani, si hamu ya vidonge. Kisha sema kwa sauti unachokiona wakati unapima:

“Nimehesabu, anapumua mara thelathini na sita, ni sawa. Kifua kiko safi. Masikio mazuri. Mafua yatamsumbua kama wiki moja mpaka siku kumi. Kikohozi kinaweza kuburuta wiki mbili. Akianza kupumua haraka, kifua kikabonyea au akakataa kunyonya, usingoje tarehe, njoo saa hiyo hiyo.”

Hizo siku ndizo dawa yenyewe. Ukimwambia “atapona kesho kutwa”, siku ya tatu yuko dukani ananunua nusu dozi.

Asitoke mikono mitupu. Parasetamoli kama ana homa, matone ya maji ya chumvi puani, kunyonya au kunywa mara kwa mara, na kijiko cha asali kwa aliyetimiza mwaka mmoja. Tangawizi na limao bibi ameshaviandaa, visifie.

Wapo wanaoshauri kumwandikia cheti cha dawa akinunue baadaye asipopata nafuu. Kwetu cheti hicho kitanunuliwa kabla hajafika stendi ya daladala. Mimi natoa tarehe ya kurudi, siku mbili au tatu, na namwona bila kupanga foleni upya.

Hatua ya 7: Ukiandika, andika sawasawa

Nimonia ya mtoto isiyo na dalili za hatari ni amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250, asubuhi na jioni, siku 5. Kilo 4 mpaka kabla ya 10 kidonge kimoja kila mara. Kilo 10 mpaka kabla ya 14 viwili. Kilo 14 mpaka 19 vitatu. Dozi ya kwanza anywe mbele yako. Azithromaisini na seftriaksoni Shirika la Afya Duniani limeziweka kundi la kuangaliwa kwa karibu. Si za kikohozi cha kila siku.

Hatua ya 8: Vuka barabara

Ng'ambo yetu kuna duka la dawa muhimu. Nilimpelekea dada anayeuza zile namba mbili, 50 na 40, kwenye karatasi ngumu, akaibandika karibu na mizani yake. Wiki iliyopita alinipigia: “Dokta, huyu ana miezi saba, nimepata hamsini na sita, lakini alikuwa analia.” Nikamwambia amtulize ahesabu tena. Akapiga baada ya dakika chache: hamsini na tano. “Haya, mlete.”