Taratibu za Kisheria za Kuuza Chakula Kilichopikwa Nyumbani, Tanzania Bara

Mtu anayepika pilau ya oda jikoni kwake na kuituma maofisini kwa bodaboda ni mfanyabiashara wa chakula mbele ya sheria, hata kama hana meza, kibao wala mteja anayefika mlangoni. Kabla ya kuanza kuzunguka maofisini na bahasha ya nyaraka, ajiulize jambo moja: chakula chake kinaliwa siku ileile, kama wali, chapati na vitumbua, au kinafungashwa ili kikae dukani kwa wiki au miezi, kama achari, siagi ya karanga na unga wa lishe? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha ni mamlaka zipi atakazoshughulika nazo, na wengi hupoteza fedha kwa kuanza na ofisi isiyowahusu.

Kwa mpishi wa chakula cha siku ileile, ushauri wangu ni kuanza kwa Afisa Afya wa kata, hata kabla ya kununua masufuria makubwa. Chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, maofisa hawa wana mamlaka ya kukagua mahali chakula kinapoandaliwa, na jiko la nyumbani halina msamaha. Ataangalia chanzo cha maji, umbali kati ya jiko na choo, namna taka zinavyohifadhiwa na kuondolewa, sehemu ya kunawia mikono, na iwapo nyama mbichi inakaa pamoja na chakula kilichoiva. Ni afadhali akuambie mapema kwamba jiko la kibarazani linahitaji wavu wa kuzuia nzi, kuliko uambiwe hivyo siku ya ukaguzi wa kushtukiza, wakati oda za watu ziko motoni.

Sambamba na ukaguzi wa jiko kuna upimaji wa afya. Kila anayeshika chakula anatakiwa kupimwa kila baada ya miezi sita katika kituo cha afya kinachotambuliwa, na cheti chake kiwepo pale anapofanyia kazi. Sharti hili halimhusu mwenye biashara peke yake. Binti anayekatakata vitunguu na kijana anayefungasha vyakula nao wamo, na hapa ndipo biashara nyingi za nyumbani hukwama, kwa kuwa wasaidizi huonekana kama ndugu tu wa kusaidia kazi.

Upande wa kodi, namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Anayekudai fedha kwa ajili ya namba hiyo anakuibia. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya makadirio, lakini msamaha huo haumwondolei wajibu wa kusajiliwa. Andika mauzo ya kila siku katika daftari, kwani mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu hukadiriwa kwa viwango vilivyopangwa, ambavyo aghalabu humwumiza kuliko mwenzake anayeonyesha hesabu.

Leseni ya biashara, inayotolewa kwa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, huombwa katika halmashauri, ambako siku hizi maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Mbali na TIN na kitambulisho cha taifa, utaulizwa uthibitisho wa mahali pa biashara; mpangaji basi azungumze na mwenye nyumba mapema na ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Ukiuza kwa jina lako halisi huna haja ya kusajili jina la biashara, lakini ukijitangaza kwa jina la kubuni, lisajili BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni.

Chakula kilichofungashwa ni habari nyingine. Tangu mwaka 2019, kazi ya kudhibiti usalama wa chakula ilihamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo husajili majengo ya chakula na kuthibitisha ubora wa bidhaa. Mjasiriamali mdogo apitie kwanza SIDO, yaani Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, apate mafunzo na barua ya utambulisho. Karanga na mahindi hukaguliwa kwa ukali zaidi kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo anayetengeneza siagi ya karanga asitegemee macho peke yake katika kuchambua malighafi. Lebo ionyeshe jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, pamoja na jina na anwani ya mzalishaji. Msimbomilia (barcode) ni matakwa ya maduka makubwa, wala si sharti la kuanzia.

Kuhusu kumpelekea mteja chakula, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo tumia mifuko mbadala inayoruhusiwa. Walioko Zanzibar wafuate utaratibu wa kwao, ambako chakula husimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa, na usajili wa biashara hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA).