Jinsi ya kuandaa ubao wa "Siku kama ya leo"

Kila asubuhi naandika ubao huu kijiweni kwetu Mikindani, pale kwenye kahawa, na watu wananiuliza nafanyaje, haya naeleza.

Nunua kauntabuku ya kwaya 4, kila tarehe ipe ukurasa wake, na 29 Februari usiisahau. Ukipata tukio lolote, liwe la mwaka gani sijui, fungua ukurasa wa siku yake uliweke hapo, baada ya miezi utaona vitu vinakutana vyenyewe. Mfano 26 Aprili, 1964 Tanganyika na Zanzibar zinaungana, 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kinalipuka, hapo ni kalenda tu imegongana. Ila 5 Februari ni habari nyingine kabisa, Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967 na CCM ikazaliwa 5 Februari 1977, miaka 10 kamili, hiyo siku ilichaguliwa. Kwaio kila zikigongana jiulize, imetokea au imepangwa? Andika na jibu ubaoni, maana hapo ndo wazee wanaanza kuongea mpaka kahawa inapoa mkononi.

Tarehe uikague. Hilo Azimio, kikao cha TANU kililipitisha 29 Januari, sasa usipoandika neno "lilitangazwa" mtu atakubishia na atakuwa sahihi. Mwezini pia: Neil Armstrong alikanyaga 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani, ila huku kwetu ilikuwa tayari 21 Julai, saa 12 kasoro dakika 4 alfajiri. Mi naiweka 21 na pembeni naandika "kwa saa zetu".

Vya nyumbani ndo vinasimamisha hadi bodaboda, kama 12 Novemba 1938, Mkapa kazaliwa Lupaso, Masasi.

Ya mtaani kaulize bibi zetu, ila bibi hakutajii tarehe, atakwambia "mjukuu wangu, ilikuwa msimu wa korosho, tumefunga". Usidharau, hiyo ni tarehe kabisa! Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwaio kuangukia msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, ni ile miaka ya 1967 hadi 1972 hivi, halafu tena 1999 hadi 2005. Muulize tu alikuwa kigori au ashaolewa, umeshapata fungu lako la miaka, mwaka wenyewe andika kwa penseli mpaka bibi wa pili akuhakikishie.