SOMO: Kufuata mpaka wa Ruvuma kwa baiskeli, watu wawili, Mtwara hadi Mtambaswala

Kila kiangazi naulizwa mambo yaleyale, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

1. Muda: Juni hadi Oktoba.

2. Baiskeli: ya chuma, keria imara. Beba pampu, viraka, solusheni na spoku za akiba.

3. Njia: Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala, Masasi, Mangaka, Mtambaswala. Mpaka wa Tanzania na Msumbiji ni mto Ruvuma, ila hadi Newala njia yenu ni juu kwenye uwanda wa Makonde.

4. Ruhusa. Hii msiiruke. Oktoba 2020 watu wenye silaha kutoka Msumbiji walishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Tangu hapo mgeni anaangaliwa kwa makini, na wenyeji wana haki. Kila mmoja abebe kitambulisho cha taifa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake. Mkitaka kushuka bondeni, anzeni kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji kabla hata ya kuomba maji ya kunywa. Msipige picha askari, kambi wala vivuko. Mkiambiwa leo msishuke, msishuke na msibishane. Msivuke kwa mtumbwi hata kama ng'ambo yuko shangazi yenu. Vukeni kwa pasipoti, kwenye kituo cha mpakani cha Kilambo au Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Mwenzako akikosa kitambulisho, ahirisheni safari.

5. Maji: mchanga wa uwandani hunyonya mvua yote, hakuna kijito huko juu. Jazeni madumu kila mnapopata bomba.

6. Mwenza: anayechoka haraka ndiye atangulie, mwingine afuate mwendo wake.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu, sijasoma yote. Kitambulisho ni lazima?
Jibu: Namba 4.

Mdau 2: Kiangazi mto unakuwa mchanga mtupu. Kuoga si inawezekana?
Jibu: Hapana. Kuna mamba na viboko, na maji kupungua hakuwaondoi. Ogeni mtakapolala.

Mdau 2: Mbona wavuvi wanaingia?
Jibu: Wao wamezaliwa pale, na bado mamba huwachukua. Nimeshajibu.

Mdau 3: Shikamoo kaka. Nina ndoto ya kwenda kwa farasi. Kuna kizuizi gani?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana. Kizuizi kikubwa ni mbung'o. Wanaeneza nagana, yaani malale ya wanyama, na farasi huzidiwa haraka. Halafu kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika (African horse sickness) unaoenezwa na visubi wakati wa usiku. Huua wengi, ndiyo maana chanjo na banda lenye wavu ni muhimu. Ongeza maji: farasi mmoja anaweza kunywa zaidi ya lita 30 kwa siku, na Tandahimba watu wenyewe huyahangaikia. Ukitaka kweli, muone kwanza daktari wa mifugo wa wilaya. Nitafurahi kusikia alichokwambia.

Mdau 4: Nyongeza. Kabla ya kuondoka Newala kagueni breki, mteremko wa kuelekea Masasi ni mkali. Na fikeni Shimo la Mungu, palepale Newala kwenye ukingo wa uwanda, jioni, bonde lote la Ruvuma linaonekana.
Jibu: Asante dada. Kuanzia Oktoba wanunuzi wa korosho hujaza nyumba za wageni, pigeni simu mapema.

Mdau 5: Chakula cha njiani je?
Jibu: Ming'oko ya kuchemsha, yaani mizizi ya mwituni. Inashika tumbo kuliko biskuti, na kina mama wanaiuza kando ya barabara.